Betri Inaonewa, Jamani!

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnategemea nizungumze wivu, mawifi, au mwanamume asiyepokea simu baada ya saa tatu usiku. Mwezi huu nina kitu kingine. Kina chuma, kina grisi, na hapa Unguja kimeshagombanisha watu na waume zao kuliko wifi yoyote ninayemfahamu. Kinaitwa altaneta.

Subiri, usifunue ukurasa wa mitindo kwanza!

Altaneta ni kile kidude cha mviringo chenye matundu ubavuni, kinachokaa jirani na injini na kuzungushwa na mkanda. Kazi yake ni kutengeneza umeme wakati gari inaunguruma. Betri kazi yake kubwa ni kuiwasha gari, basi. Injini ikishashika, taa, redio, wipa, feni ya kiyoyozi na zile cheche za kwenye plagi, vyote vinakula kwa altaneta, na betri yenyewe inarudishiwa ilichotoa. Kama uliwahi kupakiwa kwenye baskeli ya babu yenye dinamo, ile inayosugua tairi, tayari umeshaelewa. Ukikanyaga, taa inawaka. Ukisimama, giza. Altaneta ni mdogo wake dinamo aliyekwenda kusoma akarudi na akili nyingi zaidi.

Au tuseme hivi, maana sisi Wazanzibari kwa hili hatuhitaji mwalimu. Mnakumbuka giza la mwaka 2008, lile la kama mwezi mzima, na lile la Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara unaingilia Fumba. Ulipopata hitilafu, kila nyumba ilibaki na ilichokuwa nacho: taa ya kuchaji, akiba kidogo, mishumaa, na mwenye nacho jenereta. Hakuna aliyesema "tatizo ni tochi yangu, ngoja nikanunue tochi kubwa zaidi nayo itarudisha umeme." Sasa kwenye gari ndivyo tunavyofanya. Altaneta ndiyo waya wa Fumba, betri ndiyo tochi. Waya umekatika, sisi tunakimbilia dukani kununua tochi.

Tena tunanunua kwa pesa ya nani? Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Kuna rafiki yangu mmoja, mwalimu, jina simtaji kwa sababu mumewe analisoma jarida hili kwa kuibia. Wana Noah. Asubuhi bibie anapeleka watoto skuli na kwenda kazini, mchana bwana anaichukua kubeba wageni: uwanja wa ndege, Nungwi, Paje, kurudi mjini. Gari hiyo moja ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo nguo za sikukuu, ndiyo kila kitu. Siku moja bibie akaona taa nyekundu yenye picha ya betri inamkonyeza pale kwenye dashibodi kila anapowasha indiketa. Akamwambia mumewe jioni.

"Baba watoto, kuna taa nyekundu inawaka."

"Hiyo kawaida, mke wangu. Magari ya Kijapani yana taa nyingi."

Wiki ile ile gari ikagoma kuwaka asubuhi, watoto wamevaa, mabegi mgongoni. Aliyeitwa kuitazama akasema betri imekufa. Pesa haikuwepo, ila bibie alikuwa zamu yake ya upatu pale skulini, na upatu ule alikuwa ameuwekea hesabu zake. Akautoa. Ikanunuliwa betri mpya, gari ikawaka kwa mara moja, bwana akatembea kifua mbele mtaa mzima. Siku tisa. Siku ya kumi, kimya. Safari hii wakaambiwa betri ile ilikuwa feki, nunueni hii, ghali kidogo lakini ya uhakika. Wakanunua. Sehemu iliyobaki ya upatu ikaenda.

Hapa nikusimamishe kidogo, kwa sababu mtego wenyewe ndio huu. Betri mpya inatoka dukani ikiwa imeshajazwa chaji. Ukiifunga kwenye gari ambayo altaneta yake imekufa, gari itawaka na utaendesha, siku mbili, siku tano, inategemea safari zako na unawasha nini. Unaamini umepona. Kumbe unakula akiba. Na betri hizi za kawaida za magari hazipendi kukaushwa mpaka mwisho. Ukizikausha mara chache tu zinaharibika kweli kweli, kwa hiyo mtu anayekwambia "betri yako mbovu" mara ya pili pengine hasemi uongo. Mbovu ni kweli. Ila hajakwambia nani kaiharibu.

Turudi kwa mwenzetu. Usiku mmoja bwana alikuwa anatoka Nungwi na wageni wawili wanaowahi ndege. Mvua ilikuwa inanyesha, taa kubwa, wipa, kiyoyozi, vyote vimewashwa. Ukichukua betri ya kawaida ya gari kama ile, halafu vitu vyote hivyo vikainyonya kwa pamoja bila kurudishiwa, huna saa mbili, na betri iliyoanza safari nusu haina hata hiyo saa moja. Mbele ya Kinyasini taa zikaanza kuwa za njano kama mshumaa. Wipa zikawa zinasota. Redio ikazima yenyewe. Halafu injini ikakohoa mara mbili, kimya. Barabara ile usiku hamna taa, unasikia vyura tu. Wageni walipata gari ya mtu mwingine na ndege waliiwahi kwa tundu la sindano, lakini hoteli iliyompa kazi ile haijampigia simu tena.

Alivyorudi nyumbani alfajiri, bibie alisema neno moja tu. "Nilikwambia."

Neno hili wataalamu wa ndoa wanatukataza kulitumia, na mimi mwenyewe nimeshaandika hapa hapa kwamba halijengi. Leo nalirudia kulisoma na naona lina haki zake. Mwanamke yule hakuwa anajifanya fundi. Alikuwa ndiye anayekaa nyuma ya usukani kila asubuhi, akaona taa, akasema. Angekuwa dereva wa kiume ndiye aliyesema, yule bwana angefungua boneti papo hapo. Na pesa iliyochomeka ni ya kwake. Wapo wanaume watakaoniambia gari ni mambo ya wanaume. Sawa, basi na bili ya betri iwe ya wanaume.

Asubuhi ile alichukua uamuzi mwenyewe. Gari ikabustiwa na jirani, akaipeleka kwa fundi umeme wa magari huko Ng'ambo, mzee mmoja mtaratibu, anayeanza na mita kabla ya spana. Mita ile ya kupimia umeme si kitu cha ajabu, na namba zake unaweza kuzishika kichwani kama namba ya simu. Gari ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ukiwasha injini, altaneta nzima inaipandisha mpaka kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ya rafiki yangu ilisoma 12.2, injini inaunguruma, na kila taa ikiwashwa inashuka. Maana yake hakuna kinachoingia, kinatoka tu. Kipimo chenyewe hakikufika dakika tano. Betri mbili zilinunuliwa bila dakika tano hizo.

(Kama ingesoma zaidi ya 15, hilo nalo ni balaa la upande wa pili: altaneta inachaji kupita kiasi, inaichemsha betri na kuunguza taa. Na magari ya karibuni yana altaneta zinazoongozwa na kompyuta, zinapanda na kushuka zenyewe, kwa hiyo usimrukie fundi ukiona 13 kwa sekunde chache. Mwenye Prius na haibridi nyingine za aina yake, wewe huna altaneta kabisa. Betri yako ndogo inachajiwa na ile kubwa, nenda kwa anayezijua haibridi.)

Altaneta ikafunguliwa mezani. Ndani mle kuna sumaku ya umeme inayozunguka, waya za shaba zilizosukwa kuizunguka, daiodi zinazougeuza umeme uende upande mmoja, kifaa cha kudhibiti volti, beringi mbili, na vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyogusa ile sehemu inayozunguka. Kaboni ndizo zinazoisha kwanza mara nyingi, kama soli za viatu. Za Noah ile zilikuwa zimebaki kama kucha. Wakati mwingine zinagusa, wakati mwingine hazigusi, ndiyo maana taa ilikuwa inakonyeza tu badala ya kuwaka moja kwa moja. Kukonyeza kule ndiko kulikuwa wakati wa kuitengeneza kwa pesa ndogo. Kaboni na beringi mpya pamoja na kazi ya fundi havikufika bei ya betri moja.

Nimewauliza mafundi wawili watatu kwa nini altaneta zinatusumbua hivi kisiwani, na majibu yanafanana. Kwanza, nyingi ya gari zetu zimekuja zikiwa zimeshatumika miaka huko Japani, na vipuri vyake vimekuja na umri huo huo. Pili, hewa ya chumvi. Gari inayolala karibu na bahari inapata ukoga wa kijani kwenye vichwa vya betri na kwenye maungio ya waya, umeme unapita kwa shida. Tatu, maji. Miaka ile masika yakijaza Mwanakwerekwe na watu wanapita humo humo kwa ujasiri, altaneta iliyofungwa chini ilikuwa inaoga tope, na tope kwenye beringi na kaboni ni sumu ya polepole. Mimi naongeza la nne, la wenzangu wa Mji Mkongwe. Gari haiingii vichochoroni, inalala Malindi au Vuga siku nne, ya tano unaenda nayo mpaka Darajani na kurudi. Safari ya dakika tano haitoshi kurudisha kilichotumika kuiwasha. Hapo altaneta nzima na betri nzima, na bado gari inagoma. Mara moja kwa wiki ipeleke mbali kidogo, Bububu huko, upate na upepo.

Sasa, kama altaneta haitengenezeki (waya zimeungua, unasikia harufu kabisa), itabidi ununue. Watu wengi wananunua iliyotumika, na si aibu. Zipo kwenye maduka ya spea mjini, zinazokosekana zinaagizwa Dar, Kariakoo mitaa ya Gerezani, unapiga simu asubuhi na mzigo unaweza kuja na boti ya mchana. Wafanyabiashara wetu wa Dubai nao wanazileta kutoka kwenye yadi za magari yaliyochinjwa kule Sharjah. Unachotaka ni ile ile: soketi yake iingie, puli iwe na mifereji sawa na ya mkanda wako, vishikio vikae, na ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko zisiwe pungufu ya za zamani. Chukua ya zamani mkononi uende nayo, uziweke pamoja kaunta. Izungushe kwa vidole, usikie kama inakwaruza. Na mkubaliane kabla ya kulipa kwamba ikifungwa na mita ikasema haichaji, inarudi. Muuzaji anayekataa hilo, muage kwa heshima.

Yule bwana, baada ya kuona mkewe katengeneza gari, akapata wazo kubwa zaidi. Bwana weee! Akataka altaneta kubwa. Kwa sababu mle ndani alikuwa ameshafunga sabufa, amplifaya, taa za buluu chini ya viti na taa mbili za ziada mbele. Wageni wanapenda, anasema. Binafsi sijaona mgeni aliyevuka bahari kuja kusikiliza sabufa njia ya Jozani, lakini tuache.

Kwa haki, hoja yake si ya kijinga. Taa kubwa mbili za kawaida za wati 55 zinakula ampea 9 hivi kwa pamoja. Feni ya kiyoyozi ikiwa juu inakula zaidi ya hapo. Amplifaya ndiyo jini lenyewe, na usisome boksi lake, boksi huandikwa wati 1,000 kwa kukufurahisha. Tazama fyuzi yake. Fyuzi ya ampea 30 inakwambia kwamba muziki ukipanda kinaweza kunyonywa karibu na hizo 30. Altaneta ya gari ndogo ni ya ampea 70 au 80, na hizo inazitoa injini ikizunguka kwa kasi. Gari ikisimama inangurumia pale pale, kiyoyozi kimewashwa, inamsubiri mgeni nje ya uwanja wa ndege, altaneta inatoa sehemu tu ya uwezo wake. Ndiyo maana gari ya kusubiri inaua betri kuliko gari ya kukimbia.

Lakini altaneta kubwa haiji peke yake, na hili ndilo lililonifanya nimuunge mkono bibie tena. Waya unaotoka kwenye altaneta kwenda kwenye betri ulipimwa kwa ile ndogo. Ukiusukumia ampea 120 utapata joto, na joto kwenye waya wa miaka 20 wenye viraka vya tepu mwisho wake ni moto. Waya mnene, fyuzi yake inayolingana, waya wa hasi unaofunga kwenye bodi usafishwe mpaka chuma king'ae, mkanda mpya usioteleza. Hesabu ikishakuwa kamili ni pesa nyingine kabisa. Bibie aliziandika zote kwenye daftari la mazoezi la mtoto, safu moja altaneta kubwa, safu ya pili "toa sabufa, weka taa za LED." Taa za LED zinatoa mwanga kwa umeme kidogo sana. Safu ya pili ilikuwa fupi mno.

Wakakutana katikati. Sabufa imetoka, amplifaya imebaki ndogo, altaneta ni ile ile ya zamani iliyotengenezwa, na waya wa hasi umesafishwa. Mita inasoma 14.1. Upatu bado haujarudishwa, nimemuuliza juzi. Bwana anasema gari ni ya wote. Mimi nasema upatu ulikuwa wa mmoja, urudishwe, hata kwa mafungu, na hili namwandikia yeye maana najua atalisoma.

Dada zangu mnaokwenda gereji wenyewe, mtaambiwa "dada, hii huwezi kufahamu." Cheka, halafu omba upimiwe mbele yako, gari imezimwa na gari imewashwa. Kibadilishwe kipuri, kile cha zamani udai kiwekwe buti. Na ukimuona fundi anachomoa waya wa betri wakati injini inaunguruma, eti anapima altaneta, mzuie kwa sauti. Mchezo huo ulikuwa wa zama za dinamo. Kwenye gari ya leo volti zinaweza kuruka ghafla zikaunguza daiodi na kompyuta ya gari, na hapo ndipo utalia.

Nyumbani kuna kipimo kisichotaka mita wala fundi. Asubuhi zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya betri inatakiwa iwake. Washa injini, inatakiwa izime na isionekane tena. Kama haikuwaka kabisa pale mwanzo, usifurahi. Taa yenyewe au waya wake umekufa, na siku altaneta ikifa hutapata wa kukwambia.

Na kama imewaka ukiwa njiani, usiku, uko peke yako, usizime injini. Zima kiyoyozi, redio, chaja ya simu, kila kisicho taa ya kukuonesha njia. Tazama mshale wa joto. Ukiwa umetulia, endesha mpaka penye watu na mwanga, kituo cha polisi, petroli stesheni, duka, halafu ndiyo uzime, maana ukizima pengine haitawaka tena. Ila mshale wa joto ukianza kupanda pamoja na taa ile, simama hapo hapo pembeni. Huenda ni mkanda umekatika, na kwenye gari nyingi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, ukiendelea unaiua injini yenyewe. Washa hazadi, funga milango, piga simu. Simu ambayo, tafadhali, uliichaji nyumbani.